Buster Posey, fundi aliyekubali kuchuchumaa

Kwenye chandimu za mtaani kila mtu anajua golini anawekwa nani. Anawekwa mzito, anawekwa mgeni, anawekwa yule aliyebaki peke yake baada ya manahodha wawili kumaliza kuchagua watu wao. Fundi hawekwi golini. Ukimwona fundi amesimama kati ya yale matofali mawili, ujue amechoka au timu yake inaongoza sita bila.

Besiboli nayo ina goli lake, ingawa halina nyavu. Nyuma ya mpigaji, karibu kabisa na gongo linapopita, anachuchumaa mtu mmoja anayeitwa mdakaji. Kazi yake ni kuupokea kila mpira unaorushwa, kumwambia mrushaji kwa ishara za vidole arushe wa aina gani na wapi, kuuzuia unaodunda chini kwenye vumbi, na kumtoa mpinzani anayejaribu kuiba besi, yaani kukimbilia kituo kinachofuata wakati mpira unarushwa. Anavaa barakoa ya nondo, kikinga kifua na vikinga ugoko. Wamarekani wenyewe wana utani wa zamani wa kuviita vifaa hivyo zana za ujinga, kwa maana kwamba mwenye akili zake hawezi kuvivaa kwa hiari. Na kwa miaka mingi makocha wa watoto huko wamekuwa wakimpa zana hizo kijana mnene asiye na mbio. Baadhi yetu huku tumeijua kazi hii kupitia video za Dennis Kasumba, kijana wa Uganda aliyekuwa akifanya mazoezi ya udakaji kwenye udongo, matairi ndiyo vifaa vyake, mpaka mwaka 2023 akafika Marekani kucheza kwenye ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Ukizitazama video zile unaelewa haraka kwamba kuchuchumaa si kupumzika.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na namna maisha ya Buster Posey, mdakaji mashuhuri wa Marekani, pale chuo kikuu cha Florida State yanavyosimuliwa. Msimuliaji huanza na namba: msimu wa 2008, wastani wa kupiga 0.463, mara 26 aliuvusha mpira ukuta, tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa vyuo zikaenda kwake. Kisha anaongeza kile kisa cha siku aliyocheza nafasi zote tisa katika mechi moja. Yote ni kweli. Lakini kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi lilikuwa limeshatokea kabla ya msimu wa 2007, na siku hiyo hakukuwa na watazamaji. Ni pale benchi la ufundi lilipomchukua fundi wa timu na kumwomba aende golini, naye akaenda.

Turudi nyuma kidogo. Gerald Dempsey Posey wa tatu, ambaye dunia inamjua kwa jina la Buster, alizaliwa mwaka 1987 na kukulia Leesburg, mji mdogo kusini mwa jimbo la Georgia. Sekondari alikuwa mrushaji na shotistopi, mlinzi wa katikati ya uwanja. Alipomaliza mwaka 2005, klabu ya kulipwa ya Angels ilimchagua katika raundi ya 50 ya drafti. (Siyo ile drafti ya vizibo vya soda pale barazani. Hii ni ya klabu kuchagua vijana kwa zamu.) Raundi ya 50 ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akaachana nao, akaenda Tallahassee, mji kilipo chuo cha Florida State, kusoma na kucheza.

Mwaka wake wa kwanza, 2006, alianza mechi zote 65 kama shotistopi na akapiga kwa wastani wa 0.346. Kwa asiyefuatilia, wastani huo ni mgawanyo wa mapigo yaliyomfikisha mtu salama kwenye besi dhidi ya majaribio yake. Anayefanikiwa mara tatu katika kumi anaheshimika. Kwa hiyo kijana wa mwaka wa kwanza anayefikia 0.346, tena akicheza kila siku, anaonekana amefika. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida unamwacha alipo.

Na alikuwa wapi? Shotistopi analinda upenyo kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali mipira ya chini inakopita kwa wingi na kwa kasi. Ndiye mwenye miguu mizuri, mikono laini na mkono wa kurusha wenye nguvu. Ukitafuta namba 10 wa besiboli katika ulinzi, ndiye huyo.

Wazo la kumhamisha linatajwa kuwa la kocha msaidizi Jamey Shouppe. Kocha mkuu, Mike Martin, akalikubali. Kwenye karatasi lina mantiki: mtu mwenye mkono ule na utulivu ule, ukimweka sehemu inayogusa kila mpira wa mechi, unamtumia mara nyingi zaidi. Shotistopi anaweza kumaliza mechi nzima ameguswa na mipira minne tu. Mdakaji anashiriki kila mrusho, na mechi moja ina mirusho zaidi ya mia.

Lakini mwili hausomi karatasi. Chukua kitu kimoja tu, mpira unaodunda chini mbele ya mdakaji huku adui mmoja akiwa besi ya tatu, anasubiri kosa. Shotistopi tangu utoto amefundishwa kuudaka mpira wa aina hiyo: nyosha glavu, soma mdundo, uchukue. Mdakaji anafundishwa kinyume chake. Usiudake. Piga magoti, ziba nafasi kati ya mapaja kwa glavu, kunja mabega kwa mbele, kidevu kiguse kifua, mkono wa kurushia ufiche nyuma ya glavu usije ukavunjwa kidole gumba, kisha uache mpira ukupige kifuani udondoke hapohapo mbele yako. Yaani unachukua kijana ambaye fahari yake yote ni mikono yake na kumwambia ageuke ukuta. Anayejaribu kuuchukua kwa ufundi, mara moja katika kumi unampita, na pointi imeingia.

Kuna jambo moja ambalo ushotistopi ulimsaidia waziwazi. Kutoka besi ya nyumbani hadi besi ya pili ni karibu mita 39. Anapoiba mtu, mdakaji ana takriban sekunde mbili tangu mpira uguse glavu yake hadi ufike kule, na ndani ya hizo sekunde mbili ainuke, ahamishe mpira mkononi, arushe. Wengi hudhani hapo kinachotakiwa ni nguvu za bega. Muda mwingi unaokolewa kwenye ule uhamishaji, glavu kwenda mkononi, na hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mtu wa katikati ya uwanja. Posey alikuja nayo tayari.

Msimu wa 2007, wa kwanza akiwa amechuchumaa, alipiga 0.382. Wastani ulipanda, ila mara alizovusha ukuta zilikuwa tatu tu, pungufu ya nne za mwaka uliotangulia. Mwaka 2008 zikawa 26. Kutoka tatu hadi 26! Hapa wachambuzi huwa wanasema amekomaa, wanapita. Mimi nadhani kuna zaidi ya kukomaa. Mwaka wa kwanza wa udakaji unakula miguu, na nguvu ya mpigaji inaanzia miguuni. Mwaka wa pili miguu imezoea, na hapo elimu ya kule nyuma inaanza kulipa. Mtu anayeshinda msimu mzima akijiuliza huyu mpigaji tumrushie nini na kwa sababu gani, akigeuka yeye kuwa mpigaji anajua adui yake anajiuliza nini. Hilo siwezi kulithibitisha kwa namba. Nalisema kama mtu aliyezitazama hizo tatu na hizo 26 kwa muda mrefu bila kupata maelezo mengine yanayoniridhisha.

Mapigo yake mwaka huo yalikuwa 119 katika majaribio 257. Aliongoza daraja la kwanza la vyuo Marekani nzima kwa wastani wa kupiga, kwa kiwango cha kufika kwenye besi (0.566) na kwa uzito wa mapigo (0.879), yaani wastani wa besi anazopata mtu kwa kila jaribio la kupiga. Pointi zilizoingia kwa mapigo yake zilikuwa 93. Halafu, mechi ikifika ukingoni, mara nyingine alikuwa anavua zile zana za ujinga na kupanda kilimani, kile kituta anaposimama mrushaji, kurusha mwenyewe ili aifunge mechi.

Kabla hatujaendelea, tuwe wakweli kuhusu namba hizo. Vyuoni hawapigi kwa gongo la mbao kama klabu za kulipwa, wanapiga kwa gongo la chuma chepesi, na magongo ya miaka ile yalikuwa moto. Mwaka 2011 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilibadilisha kiwango cha magongo ili kupunguza kasi ya mpira, na mipira iliyovuka ukuta ikapungua nchi nzima. Kwa hiyo atakayeichukua 0.463 ya 2008 na kuilinganisha na ya kijana wa leo atajidanganya. Ila wote waliocheza mwaka ule walikuwa na magongo yaleyale, na yeye ndiye aliyekuwa juu yao.

Sasa kile kisa cha nafasi tisa. Tarehe 12 Mei 2008, Florida State walicheza na Savannah State. Posey akazunguka uwanja mzima, kila nafasi akaikalia. Alipofika kilimani aliwakuta wapigaji wawili akawatoa wote kwa straiki, yaani mirusho mitatu iliyowashinda. Katikati ya mzunguko huo akapiga mpira ukavuka ukuta huku besi zote tatu zimejaa watu, pointi nne kwa pigo moja. Mechi ikaisha kumi bila.

Ni kisa kitamu, na sina ugomvi na anayekipenda. Ila kinamwonyesha Posey kama mcheza sarakasi, mtu wa vipaji tisa anayevionyesha mbele ya timu dhaifu. Sidhani kama kocha yeyote alijifunza jambo jipya siku hiyo. Kwamba aliweza kucheza shotistopi walijua tangu 2006. Kwamba aliweza kurusha walijua tangu sekondari. Nafasi pekee ambayo angeweza kushindwa ilikuwa ile ya kuchuchumaa, na mtihani huo alikuwa ameufanya mwaka mzima nyuma.

Uwanja wa nyumbani wa Florida State unaitwa Dick Howser. Mwaka huohuo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo inayobeba jina hilohilo ilikwenda kwa Posey, pamoja na ile ya Golden Spikes, pamoja na tuzo ya mdakaji bora, wakati ule ikiitwa kwa jina la Johnny Bench, mdakaji mashuhuri wa zamani. Kombe tu ndilo lililokosekana. Florida State walifika fainali za taifa pale Omaha, Nebraska, wakakutana na Stanford. Mpaka inaanza awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, mechi ilikuwa bado ya kugombewa. Stanford wakaingiza pointi 11 katika awamu hiyo moja, wakashinda 16 kwa 5. Mechi iliyofuata Miami wakawafunga 7 kwa 5, na mwisho wa habari.

Mike Martin ndiye kocha anayenihuzunisha kuliko wote katika mchezo huu. Alistaafu mwaka 2019 akiwa na ushindi 2,029, rekodi ya kwanza kwa wingi katika besiboli ya vyuo. Alizipeleka timu zake Omaha mara 17. Hakurudi na kombe hata siku moja, hata mwaka ule aliokuwa na mdakaji wa ajabu kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema mdakaji mzuri ndiye anayeleta ubingwa, huwa naikumbuka ile awamu ya tisa. Mdakaji anaweza kuomba mpira wa aina fulani, mahali fulani. Anayeurusha ni mtu mwingine.

Siku chache kabla ya Omaha ilikuwa drafti, na hapa uchambuzi unanoga. Tampa Bay, waliokuwa na zamu ya kwanza, walimchukua shotistopi wa sekondari, Tim Beckham. Posey alingoja hadi nafasi ya tano, San Francisco Giants wakamchukua na baadaye kumlipa dola milioni 6.2 za kusaini. Nafasi ya sita, mara tu baada yake, Marlins wakachukua mdakaji mwingine, Kyle Skipworth, aliyetoka moja kwa moja sekondari. Nafasi ya kumi Houston wakachukua mdakaji wa tatu, Jason Castro, wa haohao Stanford. Miaka ikapita. Skipworth aliishia kucheza mechi nne tu kwenye ligi kuu. Castro alifika kwenye mechi ya nyota wa ligi mwaka 2013. Posey tutamfikia.

Mtu mwepesi wa kuhitimisha atasema: basi, mdakaji apitie chuo kwanza. Polepole. Joe Mauer alichaguliwa wa kwanza mwaka 2001 akitokea sekondari, na mwaka 2009 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake. Chuo chenyewe kina dosari kubwa kwa watu wa kazi hii: kwenye timu nyingi za vyuo kocha ndiye anayechagua aina ya mrusho kutoka benchini, mdakaji anageuka tarishi. Anayehitimu hapo ana magoti yaliyozoea na kichwa ambacho hakijafanyishwa kazi sana.

Chuo kinachotoa ni muda wa kukosea bila mtu kuhesabu hela. Klabu iliyokulipa mamilioni kwa sababu ya ushotistopi wako haitakwenda kukujaribu kwenye nafasi inayovunja vidole. Florida State hawakuwa wamemlipa mamilioni. Walikuwa na misimu miwili mkononi na kocha mmoja mwenye wazo. Laiti Angels wangemshawishi mwaka 2005, sioni ni nani kule ambaye angethubutu kumwambia achuchumae.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Septemba 2009 alionja ligi kuu. Mei 2010 akapandishwa, mwanzoni akichezeshwa zaidi besi ya kwanza kwa sababu nyuma alikuwepo mkongwe Bengie Molina. Giants wakamuuza Molina kwa Texas Rangers ili kumpisha kijana. Fainali ya World Series mwaka huo ikawa Giants na Rangers hao hao, Molina akiwa upande wa pili, na Giants wakachukua ubingwa. Yaani tangu aambiwe avae barakoa ile ilikuwa imepita takriban miaka minne tu. Mwaka 2012 akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa wa kupiga kwa wastani wa 0.336, Giants wakachukua tena. Mwaka 2014 wakachukua tena.

Lakini ule uamuzi ulikuwa na bili yake. Mei 2011, mechi na Marlins ikiwa imeongezwa mpaka awamu ya 12 kwa sababu ya sare, Scott Cousins alikuja mbio kuiwahi besi ya nyumbani akamvaa Posey. Mguu wa kushoto ukavunjika, mishipa ya kifundo ikachanika, msimu ukaishia hapo. Mwaka 2014 ligi ikaweka kanuni ya kuwazuia wakimbiaji kumvamia mdakaji na kumzuia mdakaji kuziba njia bila mpira, na watu mpaka leo wanaiita kanuni ya Posey. Novemba 2021 akastaafu akiwa na miaka 34. Msimu huo huo alikuwa amepiga 0.304, na timu yake ilikuwa imeshinda mechi 107. Hakuwa amefukuzwa na umri wa macho wala wa mikono. Mwili ulikuwa umechuchumaa vya kutosha. Angebaki shotistopi pengine angecheza miaka mingine mitatu, minne. Ila shotistopi gani? Hilo ndilo wanaompigia hesabu za miaka huwa hawalijibu.

Ile tuzo ya mdakaji bora wa vyuo ilibadilishwa jina mwaka 2019, ikaitwa ya Buster Posey. Wa kwanza kuipata kwa jina jipya alikuwa Adley Rutschman wa Oregon State, aliyechaguliwa namba moja kwenye drafti ya mwaka huo. Naye hakuwa yule kijana mzito aliyekosa pa kuwekwa. Mwaka wake wa kwanza chuoni alikuwa pia mpigaji wa mateke wa timu ya futiboli ya Kimarekani. Inaelekea makocha wa siku hizi wameacha kumweka golini aliyebaki.

Posey mwenyewe tangu Septemba 2024 ndiye bosi wa masuala ya mpira pale Giants. Julai 2025, drafti yake ya kwanza, chaguo lake la kwanza likawa Gavin Kilen kutoka chuo kikuu cha Tennessee. Oktoba akaenda chuoni hapohapo akamchukua kocha, Tony Vitello, ambaye hakuwa amewahi kufundisha wala kucheza popote kwenye besiboli ya kulipwa, akampa timu ya ligi kuu. Wengi walishtuka. Mimi nilikwenda kuangalia Kilen anacheza nafasi gani. Ni shotistopi.